Kijiti Kilichovuta Mpaka

Kila asubuhi Skolastika hufagia kwanza kaburi la mumewe, Otto, ndipo afagie uwanja. Kaburi liko kati ya jiko lake la bati na mpaka wa jirani yake, Egidi, hapo mtaani Lizaboni.

Mwaka huu Egidi alitaka kujenga ukuta. Jiwe la mpaka lilikuwa limefukiwa na udongo zamani, basi wakalitafuta wenyewe kwa simu. Waliingiza namba za jiwe hilo zilizoandikwa kwenye ramani ya viwanja, wakazunguka. Kila simu iliposema wamefika, walichomeka kijiti. Vijiti vingi vilikaa pamoja ng'ambo ya kaburi, upande wa Egidi. Kimoja kilikwenda peke yake, ubavuni mwa jiko. Kwa kuwa walitaka haki, walihesabu vyote sawa na kuchukua katikati yake. Katikati ikaangukia juu ya kaburi.

Skolastika alisema ukuta hauwezi kupita juu ya Otto. Egidi naye aliona haya, ila mafundi walikuwa wamekwisha kuitwa. Wakakubaliana kumwita kwanza mpima ardhi, Careen.

Careen aliwaamkia, akatazama vijiti, kisha akauliza kile cha peke yake kilipimwa wapi. Aliposikia ni kando ya jiko la bati, akatabasamu. Alieleza kwamba simu hupokea mawimbi kutoka setilaiti zilizo angani. Yakigonga bati kwanza, huchelewa kufika, na simu hudanganyika.

"Lakini mwanangu, si tumevihesabu vyote kwa haki?" Skolastika aliuliza.

"Mama, kwenye kikao mlevi akiropoka, mnampa uzito sawa na wengine?"

"Hapana. Tunamwacha aseme, tunaendelea."

"Basi na vipimo ni hivyo hivyo. Kilicho mbali sana na wenzake hupewa uzito mdogo, kisije kikavuta vyote."

Egidi alitazama pembeni. Kikao cha harusi cha juzi kilikuwa bado hakijasahaulika.

Careen aliwaambia pia kwamba simu haitoshi kuweka mpaka. Alisimamisha chombo chake mahali peupe, akapima mara nyingi, akapunguzia uzito vipimo vilivyoruka. Kisha akaonyesha mahali pa kuchimba, karibu na vile vijiti vingi.

Jembe la Egidi likagonga jiwe. Kaburi lilikuwa salama, ndani kabisa ya kiwanja cha Skolastika.

Skolastika aliketi chini akalia kwa furaha, wala hakujificha. Egidi akasema ukuta utafuata jiwe.

Kisha mama akainuka, akang'oa kile kijiti cha ubavuni mwa jiko, akakitia motoni. Chai ya wote watatu ikachemkia hapo.