Mlio wa Kuamsha Mlima

Saa 3:10 asubuhi.

"Lori itakufia Kanama, katikati ya barabara," Rutagengwa alisema. "Saa sita kamili. Askari wakitaka kurudi muji, wasipite."

Juvénal, dereva wa lori, aliitikia kwa kichwa. Walikuwa watano ndani ya stoo, nyuma ya duka la redio mjini Gisenyi, mwaka 1999. Mlango umekomewa. Jasho tupu. Wellars angekwenda na pikapu kubeba injini sita za boti kwenye bohari ya tajiri mmoja, walinzi wakiwa wanakula. Rutagengwa, mkubwa wao waliyemwita chef, angesubiri ufukweni na boti ya kuvukia Goma. Hirwa angekaa Rugerero na pikipiki.

"Nikishafunga barabara, Hirwa ananichukua?" Juvénal aliuliza.

"We mutoto? Nimesema anakuchukua."

Fundi wao, Mukandutiye, aligawa redio nne za mkononi.

"Sikilizeni, sitarudia. Kutoka Kanama mpaka ziwani redio hizi hazifiki zenyewe. Juu ya Rugerero kuna mtambo, aliuweka mwalimu mmoja mpenzi wa redio. Unapokea sauti yako, unairusha upya, wote wanakusikia. Lakini hauamki kwa kelele yoyote tu. Ukisema, redio yako inatuma na mlio mwembamba chini ya sauti. Themanini na nane nukta tano. Sikio haliusikii, mtambo unausikia. Bila huo, mtambo unalala."

"Na kusikiliza?" Hirwa aliuliza.

"Kusikiliza hakutaki mlio. Hapo ndipo watu wanapopotea. Unawasikia wenzako vizuri kabisa, unadhani na wao wanakusikia, kumbe unaongea na kiganja chako. Ona herufi T hapa kwenye kioo. Ikiwepo, mlio upo."

Rutagengwa alicheka. "Mutanzania na masomo yake! Mi nafinya, mi nasema, nyinyi munatii. Basi." Walimwita Mukandutiye hivyo kwa sababu alikulia Ngara, Tanzania. Rutagengwa mwenyewe alikuwa akisafisha kucha kwa kisu, wala hakukitazama kioo.

Wakajaribu. Zote nne zikasikika. Kuanzia hapo ikawa marufuku kusema hewani mpaka saa sita.

Saa 4:25.

Rutagengwa alimvuta Mukandutiye pembeni. Akaweka redio ya Juvénal mezani, kando ya yake mwenyewe iliyokuwa ikichajiwa.

"Hii, ondoa ule mulio. Asikie, asisemeshe mutu."

"Kwa nini?"

"Hirwa haendi Kanama. Nitamwita ku ziwa. Juvénal akianza kulia hewani, wote watageuka. Bon, mutu mumoja apotee, injini zipite."

Mwaka uliopita, kwenye kazi ya Nyakiriba, Kalisa, kaka yake Mukandutiye, aliachwa barabarani hivyohivyo, akakamatwa. Rutagengwa aliapa kwamba betri ilikufa. Fundi wa wakati ule alihamia Goma wiki ileile. Lakini Kalisa, kila Ijumaa ya kutembelewa gerezani, alisema neno moja tu: niliwasikia wote, niliita mpaka koo likakauka, hakuna aliyenijibu. Mukandutiye alimwambia aache uongo, betri iliyokufa haisikii. Loo, mjinga yeye! Fundi mzima, na hakuelewa.

"Sawa, chef."

Rutagengwa aligeuka kumfokea Wellars kuhusu mafuta. Kidole cha Mukandutiye kikaiacha redio ya Juvénal, kikabonyeza ile ya pili. Herufi T ikatoweka. Akamkabidhi mkubwa wake redio yake mkononi, akimtazama machoni.

Saa 6:00.

"Lori imekufa," sauti ya Juvénal ilitoka Kanama.

Bohari haikuwa na shida. Walinzi walikuwa wameinamia maharage, karani akaamini karatasi ya bandia. Dakika ishirini baadaye injini sita zilikuwa chini ya turubai, kabichi juu yake, na Mukandutiye ameketi kando ya Wellars, redio mkononi.

Saa 6:31.

"Askari wako nyuma yangu! Hirwa, uko wapi?" Juvénal aliita.

"Chef, niende?" Hirwa aliuliza. "Chef, sema basi!"

Mukandutiye alibonyeza. "Hirwa, nenda Kanama. Sasa hivi."

"Chef amesema?"

"Nimesema mimi, Mukandutiye, dada yake Kalisa. Rutagengwa anataka Juvénal aachwe kama alivyomwacha kaka yangu. Ananisikia hapo alipo. Kama ni uongo, akanushe."

Wakangoja. Hakuna aliyekanusha.

"Nimeshawasha pikipiki," Hirwa alisema.

Wellars alikanyaga breki kwenye kona iliyo juu ya ziwa. Bastola yake ikamgusa Mukandutiye ubavuni.

"Umemufanya nini chef?"

"Nilichoagizwa nimfanye Juvénal. Piga! Ila jiulize kazi ijayo atabaki nani barabarani."

Macho ya Wellars yakateremka ufukweni.

Rutagengwa alikuwa amesimama ndani ya boti, redio mdomoni, mishipa ya shingo imemtoka. Mlimani halikufika hata neno. Ufukweni yalifika yote. "Hirwa! Acha huyo mujinga Juvénal! Injini kwanza!" Wauza samaki walinyamaza, mmoja akaangua kicheko. Askari wawili wa doria wakageuka. Walimshusha kwa kumshika mkanda, naye bado anafinya kitufe.

Saa 6:52.

"Niko nyuma ya Hirwa," Juvénal alisema, akihema. "Tumeingia mashambani. Dada, asante. Asante sana."

Wellars aliishusha bastola. "Chef atatutaja wote."

"Mimi nimeshajitaja." Mukandutiye alifungua mlango. "Injini hizo hapo, fanya unavyotaka."

"Unaenda wapi?"

"Gerezani."

"Una wazimu? Kujipeleka?"

"Leo ni Ijumaa, Wellars. Kuna mtu nimemwita mwongo mwaka mzima."

Akashuka, akafunga vizuri kitenge chake, akashika barabara mchana kweupe.