Dirisha Lisilopitisha Salamu

Enyi wana wa mtaa, wa hapa na wa mitaa ya jirani, nipeni masikio yenu kidogo. Habari hii si ya mbali. Ni ya nyumba moja ya Ngamiani, hapa Tanga, yenye baraza mbele na ua nyuma, na ni ya dirisha moja tu katika nyumba hiyo. Msicheke mkisikia dirisha. Mnajua wenyewe kuna watu waliokosana mpaka kufa kwa jambo dogo kuliko hilo.

Katika chumba cha mbele alilala Bi Mize binti Sheha, mama mtu mzima aliyepooza upande wa kushoto, miguu ikawa haimchukui tena. Kitanda chake kilisogezwa hadi dirishani. Dirisha lenyewe lilikuwa la mbao, mabawa mawili, na lilikuwa wazi tangu alfajiri hadi magharibi. Bi Mize alikuwa hatoki, lakini mtaa mzima ulikuwa ukimjia. Apitaye hutoa salamu, naye huitikia kwa sauti, kisha huongeza lake. Mwenye baiskeli huambiwa cheni yake inalia. Mwenye kapu la samaki huulizwa huyo nguru kavuliwa lini, mbona macho yamezama. Watu walicheka wakaenda zao, naye akabaki na kicheko chao chumbani.

Lakini mtu wake hasa alikuwa Thuwaiba, Mpemba aliyeolewa Tanga tangu usichana wake, jirani wa nyumba ya nne. Hao wawili walikuwa wamezaa pamoja, wamefiwa na waume pamoja, na siri za mmoja zilikuwa za mwenzake. Kila asubuhi Thuwaiba alirudi kutoka kununua vitumbua, akaegemea dirishani, akapitisha kimoja ndani ya karatasi.

"Kula, shoga, uache kunuka dawa."

"Na wewe punguza kula. Huo mlango wa peponi mwembamba, utakwama nikuone."

Basi hucheka mpaka Bi Mize akapaliwa. Hivyo ndivyo siku ilivyoanza katika nyumba ile, na hakuna aliyedhani kuwa hiyo ni neema. Neema ya kila siku haina jina.

Sasa Bi Mize alikuwa na mwana mmoja, Hatibu, mfanyabiashara wa vipuri vya magari, mtu wa safari za Dar es Salaam. Nasema mapema, asije mtu akamgeuza shetani: Hatibu alimpenda mama yake. Daktari alisema mama ana presha, apate utulivu. Hatibu akiona pikipiki zinavyonguruma chini ya dirisha lile, akiona vumbi linavyotua juu ya shuka, roho ilimuuma. Huko Dar alilala kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa kando ya barabara kuu, na ndani mlikuwa na kimya kitupu. Akauliza siri yake. Akaambiwa ni madirisha: vioo viwili, kimoja nje kimoja ndani, katikati hewa iliyofungiwa, na mipira ya kuzuia pembeni. Sauti haipiti, joto halipiti, vumbi halipiti.

Akarudi na shauri lake kichwani. Alimwambia mkewe Hafsa. Alimwambia fundi wa alumini, jina lake Laurenti. Mwenye kitanda hakuambiwa. Bi Mize alihamishiwa chumba cha ndani, akasikia nyundo, na aliporudishwa alikuta ukuta wake una kioo kikubwa kinachong'aa, na juu yake kiyoyozi kinahema polepole.

"Mama, sasa hata mbu atabisha hodi," Hatibu alisema, amejaa furaha.

"Lafunguliwa wapi?"

"Halifunguliwi, Mama. Ndiyo uzuri wake."

Bi Mize alitazama kioo, akamtazama mwanawe. Nanyi mnatujua sisi watu wa pwani. Mama haambiwi na mwanawe "zawadi yangu hiyo" naye akasema hapana. Ingawa imembana, atasema imemkaa. Bi Mize akainua mkono wake mzima akaomba, "Mwenyezi Mungu akuzidishie, mwanangu." Hatibu akatoka kifua mbele, akiamini amelipa deni la kunyonya.

Mwanzoni kimya kile kilikuwa kitamu. Bi Mize alilala bila kujua amelala, akaamka bila kujua ameamka. Nje ya kioo mtaa ulipita taratibu, hauna sauti, kama vitu vinavyopita chini ya maji. Baiskeli zilikwenda zisilie. Watoto walifungua vinywa, wakakimbia, wakaanguka, wakalia, na hakuna kilio. Siku moja alimwona marehemu mumewe anapita juu ya baiskeli yake ya zamani, kanzu ameikunja kiunoni, wala hakushangaa. Alimwambia tu, "Pita upande wa kivuli." Mume akaenda zake.

Watu walipopita aliwaona midomo ikicheza. Alijua ni salamu. Akaitikia kila moja, tena kwa sauti, kama alivyozoea. Sauti yake iligonga kioo ikamrudia mwenyewe.

Sasa tokeni ndani, ndugu zangu, msimame na mimi barazani muone upande wa pili. Kioo kile mchana kilimulikwa na jua, na aliyesimama nje aliona uso wake mwenyewe, na nyuma ya uso huo kivuli cha mtu asiyesema. Mtu akitoa salamu hajibiwi. Kesho akitoa tena hajibiwi. Nasi tulifundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba kutoa salamu ni sunna, bali kuitikia ni wajibu. Ukimnyima mtu kitumbua atasahau, lakini ukimnyima itikio la salamu atakwenda nalo nyumbani.

"Mize kapata kioo, hatuoni tena," walisema kisimani na sokoni. "Mwana akitajirika, mama huota pembe."

Waliojaribu kuingia kwa mlango walikutana na Hafsa. Naye alikuwa amepewa amri na mumewe, akaitekeleza kwa adabu zote. "Mama amepumzika. Daktari kasema asisumbuliwe." Thuwaiba alikuja na karatasi yake ya kitumbua, akaambiwa hivyo. Akaja tena, akaambiwa hivyo. Baada ya hapo alipita upande wa pili wa njia, uso ameugeuzia ukuta. Bi Mize alimwona akipita vile. Nimemkosea nini Thuwaiba? Alijiuliza mpaka usingizi ukamchukua, na usingizini akaendelea kujiuliza.

Kisha alasiri moja, Bi Mize anafumbua macho, Thuwaiba huyo dirishani. Amevaa baibui jipya kama mtu wa safari. Amebandika uso kwenye kioo, viganja viwili vimezunguka macho, anagonga kwa kidole na anasema. Alisema maneno mengi, polepole, machozi yanamtoka. Bi Mize alifurahi hata akacheka. Akainua mkono wake mzima akaupunga kulia na kushoto. "Sisikii, shoga! Zunguka mlangoni! Hapa sisikii!"

Thuwaiba akautazama mkono ule. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaondoka upande usio wa mlangoni.

Bi Mize alingoja. Alingoja mpaka chai ikaletwa, akamwuliza Hafsa, "Thuwaiba hajaingia?"

"Hajaja mtu, Mama. Labda umeota."

Huenda nimeota, Bi Mize alijisemea. Siku hizo ilikuwa vigumu kujua.

Hewa ya Tanga, mnaijua, ina chumvi na unyevu, haikubali kufungiwa. Mpira wa pembeni ulilegea, unyevu ukaingia katikati ya vile vioo viwili. Ukungu ulianzia pembe ya chini, ukapanda. Hafsa aliufuta kwa ndani, haukutoka. Akaufuta kwa nje, haukutoka. Mtaa ulibaki vivuli vinavyotembea ndani ya maziwa.

Ndani ya ukungu huo ndipo Bi Mize alipoona, asubuhi moja, wanaume wengi wenye kanzu wakipita mbiombio, na juu ya mabega yao jeneza. Waliotoka nyuma walipokea mbele, kama ilivyo desturi yetu, kila mmoja apate thawabu. Midomo yao ilikuwa ikisema yaleyale yanayosemwa, naye hakusikia hata neno. Akainua mkono wake. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Mola amrehemu, awe nani awe." Aliomba kwa muda mrefu. Jioni akauliza nani kafa. Hafsa akamtazama mumewe.

"Mtu wa kule mbali, Mama," Hatibu alisema. "Usijichoshe na habari za misiba. Presha hiyo."

Ukungu ulipojaza kioo kizima, Hatibu aliona aibu kwa wageni. Akaagiza kioo kipya cha aina ileile, kikaja kutoka Dar kimefungwa kwa maboksi. Laurenti akaja na vifaa vyake, akaeleza kwamba ukungu wa katikati haufutiki, dawa yake ni kutoa vioo vyote viwili kwa pamoja na kutia vingine ndani ya fremu ileile. Safari hii Bi Mize alikataa kuhamishwa. Akafunikwa shuka asiingiwe na uchafu. Laurenti aling'oa vibanio, akakata mpira wa zamani kwa kisu, akakitoa kioo taratibu na kukiegemeza barazani.

Mtaa ukaingia. Uliingia wote kwa pamoja: kengele, pikipiki, kuku, mtu anaita ndimu, mtoto anasoma juzuu kwa kuimba, harufu ya mafuta yanayokaanga. Bi Mize alivuta pumzi, machozi yakamtiririka hadi masikioni. Alikuwa ameamka. Na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Chiku, binti wa Thuwaiba, anapita na kapu lake, macho mbele.

"Chiku! Mbona wanipita kama nguzo? Mama yako yu wapi siku hizi, kanitupa hivi?"

Chiku alisimama. Kapu likamteleza mkononi.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mama yako aje, dirisha li wazi."

"Bi Mize," Chiku alisema, "mama yangu si tumemzika? Kapita hapahapa mbele yako. Arobaini yake tumekwisha kuisoma. Sisi tulisema, hata mkono wa pole Bi Mize hakuuleta."

Hatibu alikuwa mlangoni. Aliyasikia yote.

Bi Mize hakulia. Alikishika kizingiti cha dirisha kwa mkono wake mzima, akauliza swali moja baada ya jingine kama mtu anayetafuta kitu gizani. Alikufa na nini? Moyo. Alipelekwa hospitali? Alipelekwa, akapasuliwa, hakurudi.

"Na siku ya kwenda alikuja kwako," Chiku alisema. "Alikuja kukuaga na kukuomba radhi. Alisema, kama ni mimi niliyekosa, Mize anisamehe, najiendea kwenye kisu. Akasema ulicheka, ukampungia mkono kuwa hutaki."

"Sikusikia! Wallahi sikusikia, Chiku. Nilimwambia azunguke mlangoni!"

Chiku alimtazama, akatazama kile kioo chenye ukungu kilichoegemea barazani, na akaelewa. Akaanza kulia.

"Niambie kweli," Bi Mize alisema. "Alikwenda na kinyongo? Alinisamehe?"

Huyo binti angeweza kudanganya, na Mungu asingemhesabia. Lakini hakuweza.

"Sijui, Bi Mize. Hakusema. Alipofika nyumbani alivua viatu, akakaa, akasema tu, 'Mize sasa ana dirisha lake.' Basi. Mimi nimekusamehe. Lakini mimi siye yeye."

Aliokota kapu lake, akampa Bi Mize mkono kupitia pale palipokuwa wazi, wakashikana kwa muda, kisha akaenda.

Laurenti alikuwa amesimama na kioo kipya mikononi, hajui akitie au akirudishe kwenye boksi. Hatibu alimwashiria akiweke chini. Akaingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima yule na ndevu zake, akalia mbele ya fundi bila haya.

"Mama, niambie mwenyewe. Nikuwekee dirisha gani?"

Bi Mize aliweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe. Alimpenda hata saa ile, na hilo ndilo lililokuwa zito kuliko yote.

"Leo ndiyo waniuliza," alisema.

MAFUNZO

Ndugu zangu, mzee si chombo cha kuwekwa mahali pakavu kisipate vumbi. Mnawajengea wazazi vyumba vizuri, mnawatilia viyoyozi na vioo, mnawafichia misiba, halafu mnajiita wema. Waulizeni kwanza. Neno "Mama, wapenda hivi?" halina gharama, na wengi wetu hatujalitamka tangu tuote ndevu. Mtu mzima kumfungia sauti za watu ni kumzika kabla ya wakati wake, hata kama shuka ni safi.

Na sisi majirani tusijitoe. Salamu isiyojibiwa tuliipeleka sokoni, tukaipeleka kisimani, hatukuirudisha mlangoni kwa mwenyewe tukamwuliza, "Bi Mize, kulikoni?" Tungeuliza mara moja tu, Thuwaiba angekwenda hospitali na moyo mweupe. Ukiwa na mtu uliyemnunia, basi leo hii, kabla jua halijazama, nenda kambishie hodi. Akikosa kukusikia, bisha tena.