Siku Kenda za Atumani

Jua lilikuwa limeshaegemea vilima vya Kabambare Mwamvita alipofika gerezani, chungu cha sombe, majani ya muhogo aliyompikia mumewe, kikiwa kichwani. Atumani alifungwa kwa kukataa kulima pamba ya serikali, akatiwa kwenye gurudumu. Lilikuwa gurudumu la mbao, refu kuliko nyumba, lenye vidaraja ukingoni. Wafungwa walivikanyaga, likazunguka, likakoboa mpunga. Walipanda kutwa nzima wasifike popote. Alaaniwe aliyelibuni!

Jioni hiyo gurudumu lilikuwa kimya.

"Mama, bwana yako alianguka. Amekufa," askari Gaston alinong'ona, macho chini. "Lakini siku zake zimebakia kenda. Muzungu wa gereza anasema tukamate ndugu yako Abedi, amalizie."

Abedi alikuwa mdogo wa pekee wa Mwamvita, mwenye kifua kibovu. Hata siku tatu asingezimaliza.

Maiti ikaletwa nyumbani, ikaoshwa. Mzee mwosha maiti akafunga vidole gumba vya miguu kwa kitambaa, kama ilivyo desturi. Maiti aliyefungwa vidole hatembei, ndivyo tulivyokuzwa tukiambiwa. Sanda ikavikwa, wanaume wakatoka kupanga safu za sala. Mwamvita akabaki peke yake, maji yamemfika shingoni. Akapenyeza mkono ndani ya sanda.

Akakifungua kitambaa, akakificha.

"Bwana wangu," akanong'ona, "enda umalize siku zako mwenyewe. Umuachie Abedi."

Wakamzika.

Alfajiri Gaston alikuja mbio.

"Gurudumu inazunguuka, mama. Mutu hakuna."

Ko... ko... ko... Hata barabarani lilisikika. Mpunga ulikobolewa wote, na pumba zikanuka karafuu maiti. Mzungu aliutazama mchele wake, akaridhika, hakuuliza. Abedi hakuguswa.

Siku ya kenda ilipokwisha, gurudumu likasimama. Mwamvita alilia kwa furaha, akamwombea marehemu.

Jioni iliyofuata, baada ya magharibi, alikuwa akiwasha taa aliposikia hatua mlangoni.

Ko... ko...

Hazikusogea mbele wala nyuma. Zilikuwa zinapanda palepale.

Harufu ya karafuu maiti ikapita chini ya mlango. Mwamvita akaiweka taa chini.

"Siku zimeisha, bwana wangu. Pumuzika."

Ko... ko...

Akachukua kile kitambaa, akapiga magoti, akapitisha mikono chini ya mlango. Akagusa kidole cha baridi. Akakishika... kikamponyoka, kikapanda. Papo hapo mguu wa pili ukashuka.

Tangu siku hiyo, kila jioni Mwamvita hupiga magoti mlangoni. Abedi yu hai na amepata mtoto, na haambiwi kitu. Kitambaa bado kipo. Lakini vidole hufungwa miguu yote miwili ikiwa chini, na miguu ya Atumani imesahau kukaa chini pamoja.