Kornelia Akataa Kuomba Radhi

Kila Ijumaa baada ya vipindi, Kornelia wa darasa la saba alichomeka diski ya nje kwenye kompyuta ya shule yao huko Sigino, akahifadhi nakala za kazi za klabu yao, iliyorekodi sauti za wazee wa hapo. Nakala ya kwanza ilibeba kila kitu. Zilizofuata zilibeba mambo mapya tu, kwa hiyo hazikuchukua muda.

Wiki ya mahafali kompyuta iliharibika. Fundi aliitengeneza, lakini ikarudi tupu. Mwalimu Melkiadi, mlezi wa klabu, hakuwa na wasiwasi, maana nakala zilikuwepo. Alipojaribu kuzirudisha, kioo kiliandika: "Faili halikupatikana." Sauti za wazee wakisimulia habari za Sigino hazikuonekana. Mmoja wao alikuwa bibi wa Valence, mwanaklabu mwenzao; bibi huyo alifariki mwezi uliopita. Ukoo mzima ulikuwa unakuja kumsikiliza siku ya mahafali.

"Kornelia, umefuta nini?" mwalimu aliuliza kwa ukali mbele ya wanaklabu wote.

"Sijafuta kitu, mwalimu."

"Anayeshika diski ni wewe. Waombe radhi wenzako, yaishe."

Kornelia alisimama wima. "Siombi radhi kwa kosa ambalo sikulifanya."

"Omba tu, Kornelia," Valence alinong'ona.

"Nikiomba, sauti ya bibi yako itarudi?"

"Toka nje!" mwalimu alifoka.

"Nitatoka, mwalimu. Lakini naomba kwanza tusome ujumbe wote. Tumesoma mstari wa kwanza tu."

Mwalimu alisita, kisha akampisha. Kornelia alisoma kwa sauti. Kompyuta ilikuwa inalitafuta faili ndani ya folda ya nakala ya kwanza. Akafungua diski. Nakala ndogo za kila Ijumaa zilikuwepo zote, ila folda ile haikuwepo.

"Hizi ndogo zinaitegemea ile ya kwanza," alisema. "Nani ameiondoa?"

Mwalimu Melkiadi akashika paji la uso. "Ni mimi. Diski ilijaa, nikaihamishia folda hiyo kwenye diski yangu nyumbani. Nilidhani ni ya zamani, haina kazi tena."

Asubuhi iliyofuata aliirudisha folda mahali pake, kwa jina lile lile, akajaribu tena. Sauti ya kikongwe ikajaa chumbani, ikicheka kabla ya kuanza kusimulia. Valence akacheka naye huku analia.

Mwalimu aliwageukia wanafunzi.

"Jana nilimtaka Kornelia aombe radhi. Leo naomba mimi. Nisamehe, Kornelia. Na ninyi nyote, mkubwa akikosea mwambieni kwa adabu, lakini mwambieni. Mwenzenu angekubali kosa lisilo lake, tungeacha kutafuta, na sauti hizi zingepotea kweli."