Kilichokuwa Chini ya Hasira

Atuganile aliishi katika kijiji cha Itaka na binti yake, Faith. Kila asubuhi walichota maji bondeni, wakapanda mlima na ndoo kichwani. Mume wake, Kefa, alikuwa Zambia. Alikwenda Kitwe kufanya kazi ya kupasua mbao.

"Mama, baba anarudi lini?" Faith aliuliza.

"Hivi karibuni tu, mwanangu."

Atuganile hakujua lini. Zamani Kefa alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Siku hizi alikuwa kimya. Atuganile alikumbuka kicheko chake. Alikumbuka walivyochuma kahawa pamoja, kila mmoja upande wake wa mstari, huku wakipiga soga. Sasa alichuma peke yake.

Mwaka huo kijiji kilianza mradi wa maji. Maji yangeshuka kwa mabomba kutoka chemchemi ya mlimani. Wananchi walichimba mtaro. Atuganile alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati, na Osea alikuwa fundi wa mabomba. Mvua zilikaribia. Kama zingenyesha kabla mabomba hayajafukiwa, mtaro ungejaa matope na kazi ingeanza upya.

Asubuhi moja watu walifika mtaroni, lakini Osea hakuwepo. Walisubiri mpaka jua likawa kali. Alipotokea, Atuganile alimfokea mbele ya wote.

"Huna aibu? Unatuweka hapa juani! Wewe ni mvivu. Kama kazi imekushinda, sema!"

Osea aliokota spana zake, akaondoka. Waliobaki wakaanza kubishana. Wengine walimtetea fundi, wengine mwenyekiti. Mwisho wakatawanyika, mtaro ukabaki wazi.

Habari zilimfikia Tabita, afisa maendeleo ya jamii wa kata. Alimkuta Atuganile nyumbani, akipukuchua mahindi.

"Pole na kazi, mama Faith. Nimesikia ya mtaroni."

"Osea ametuangusha, dada."

"Ulimuuliza kwa nini alichelewa?"

Atuganile aliendelea kupukuchua.

"Na wewe, siku ile uliamka na nini moyoni?"

Atuganile aliweka gunzi chini. "Nilimpigia Kefa, hapatikani. Nimechoka kusubiri, dada. Nasubiri maji, nasubiri mume. Osea naye akanisubirisha." Machozi yalimtoka.

Tabita alimwacha alie kwanza. Kisha akasema, "Mara nyingi hasira hufunika kitu kingine. Chini ya hasira yako kuna hamu ya mumeo. Hamu si kosa. Ila Osea umemtwisha mzigo usio wake."

"Nifanyeje? Hasira yangu haibishi hodi."

"Inabisha. Ikianza, mwili unausikiaje?"

"Kifua kinabana. Mikono inatetemeka."

"Hiyo ndiyo hodi yake. Ukiisikia, nyamaza. Vuta pumzi taratibu, ikibidi usogee pembeni. Jiulize, 'Leo nina nini?' Halafu muulize mwenzako, 'Kuna nini?' Msikilize mpaka amalize. Ukiwa na la kumkosoa, mwite kando. Usimwambie ni mvivu. Mwambie, 'Ulipochelewa, niliogopa mvua itatuwahi.'"

Kesho yake Atuganile alikwenda kwa Osea.

"Osea, nisamehe. Nilikufokea mbele za watu bila kukuuliza. Kulikuwa na nini siku ile?"

Osea alitazama chini. "Mama yangu amelazwa hospitali ya Mbozi Mission. Nilitoka huko asubuhi ile."

"Mbona hukusema?"

"Ungenisikia, mama Faith?"

"Pole sana," Atuganile alisema. "Anaendeleaje?"

"Leo amekunywa uji." Osea alitabasamu kidogo. "Na mimi nilikosea. Ningetuma mtu awape taarifa."

Atuganile aliwaita watu mtaroni. Alimwomba Osea radhi tena, mbele ya wale wale waliosikia maneno makali. Wakakubaliana kuulizana hali kila asubuhi kabla ya kushika majembe. Mwenye mgonjwa au msiba angesema, na wenzake wangeshika nafasi yake.

Haikuwa rahisi. Siku moja kiungo cha bomba kilipotea, na kifua cha Atuganile kikabana tena. Alitembea mpaka kwenye mibuni, akavuta pumzi, akarudi. "Jamani, nani alikiona mara ya mwisho?" aliuliza kwa sauti ya kawaida. Kilikuwa kimefunikwa na udongo.

Walifukia mabomba yote, ndipo mvua ikaanza. Siku maji yalipofika kijijini, wanawake walipiga vigelegele. Faith alikinga viganja akanywa. Atuganile alicheka, kisha akageuza uso. Alitamani Kefa angekuwepo aone.

Jumapili simu iliita. Alikuwa Kefa. Atuganile alitaka kusema, "Leo ndiyo umekumbuka una mke?" Kifua kilibana. Akanyamaza, akavuta pumzi.

"Upo?" Kefa aliuliza.

"Nipo. Maji yamefika, Kefa. Na nimekukumbuka mpaka naumwa."

"Na mimi nimekukumbuka," Kefa alisema. "Kazi ilisimama huku. Niliona aibu kupiga. Nilijua utanifokea."

Atuganile alikaa chini, akabana simu sikioni.

"Niambie," alisema.

Kefa akaanza kueleza. Atuganile alimsikiliza mpaka akamaliza.