Tuna Mbuzi, Tenemos Cabras

Kila Jumapili, Nelius wa Siakago alitoka kanisani kwa haraka. Wenzake walibaki uani wakipeana habari za ndengu na mvua. Yeye alikaza mwendo hadi nyumbani, akaketi kando ya zizi la mbuzi, akasubiri simu ya Uhispania.

Aliyepiga alikuwa mwanawe, Gitari, aliyeoa huko. Gitari ana binti mdogo. Kwa desturi ya nyumbani, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo huko Uhispania yuko mtoto anayeitwa Nelius, na jambo hilo lilimfanya nyanya yake atembee kifua mbele.

Shida ni kwamba, mbali na neno *cucu*, yaani nyanya, mtoto alijua Kihispania tu, lugha ya mama yake, Lucía. Kila neno lilipitia kwa Gitari. Kisha Gitari akabadilishiwa zamu.

"Mama, kuanzia mwezi ujao, Jumapili sitakuwa nyumbani tena," alisema. "Lucía atakupigia, lakini hajui Kiswahili."

Nelius aliogopa. Mtoto asiyeongea nawe atakusahau, hata kama ana jina lako. Akatafuta masomo kwenye simu, akanakili kitenzi kimoja kwenye daftari. Alikikariri akichunga mbuzi, akakikariri akichambua ndengu. Mwezi ulipokwisha, alikuwa nacho chote kichwani.

Jumapili ikafika. Mtoto aliona mbuzi nyuma ya nyanya yake, macho yakamtoka.

"Cucu, ¿cuántas cabras tienes?"

Nelius alilisikia neno *tienes*. Akajiweka sawa, akatoa yote kwa pumzi moja: "Tengo, tienes, tiene, tenemos, tenéis, tienen!"

Mtoto alimtazama. Akauliza tena. Nelius akarudia yale yale, kwa sauti kubwa zaidi. Mtoto akacheka, akaenda kucheza na mwanasesere. Skrini ilibaki na Lucía, akitabasamu kwa aibu.

Siku hiyo chakula hakikumshuka Nelius.

Asubuhi alikwenda sokoni kwa Hamda, muuza vitambaa. Kabla ya kufungua duka, Hamda aliongoza watalii Wahispania kwa miaka minane.

"Mama Gitari, karibu. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Nelius alimweleza. Hamda alicheka hadi akashika meza.

"Mtoto alikuuliza swali, wewe ukamjibu na mtihani!"

"Sasa ningesema nini? Hii maneno nimeikariri yote, vile tunakariri aya za Biblia."

"Kukariri si vibaya. Lakini ni kama kununua kitambaa na kukiweka kabatini. Lazima ukishone uvae. Ebu niambie, hicho kitenzi kina maana gani?"

"Nilisoma kwa Kiingereza. *Have*."

"Basi ulizunguka mbali na njia ilikuwa hapa mlangoni. Kitenzi ni *tener*, kuwa na. Sisi tunasema aje? Nina, una, ana."

"Tuna, mna, wana," Nelius alimalizia.

"Ndiyo hiyo! Nina ni *tengo*. Una ni *tienes*. Ana ni *tiene*. Tuna ni *tenemos*. Mna ni *tenéis*. Wana ni *tienen*."

Nelius alifungua daftari, akakunja uso. "Lakini hii *g* ya *tengo* imetoka wapi? Na hii *i* ya *tienes*?"

"Aa, umeona! Vitenzi vingi vya Kihispania vina adabu, vinabadilika mwisho tu. Hiki ni kikaidi. Kwa mimi, kinaingiza *g*. Kwa wewe, yeye na wao, kinaingiza *i*. Lakini kwa sisi na ninyi, kinatulia: *tenemos*, *tenéis*."

"Nina mbuzi mmoja wa tabia hiyo," alisema Nelius.

"Sasa sikiliza tamu yake. Mwingereza hasemi ana njaa wala ana miaka. Sisi tunasema nina njaa, na Mhispania pia: *tengo hambre*. Hiyo *h* usiisome, sema *ambre*. Nina miaka sitini: *tengo sesenta años*. Sema *anyos*."

Nelius alikaa wima. "Kumbe wanaongea kama sisi?"

"Hapo, ndiyo. Haya, *¿tienes hambre?* Una njaa?"

"*Tengo hambre*," alijibu Nelius. Na kweli alikuwa nayo, tangu jana. Hamda akamletea chai na mahamri.

"*¿Cuántas cabras tienes?* Una mbuzi wangapi?"

Nelius aliweka kikombe chini, akafunga daftari.

"Umesahau?"

"Sijasahau. Hilo ndilo swali la mtoto? Hamda, mbuzi hawahesabiwi kwa mdomo. Kwetu ukihesabu mali yako, inapungua."

"Basi usihesabu. Hata kwa Kihispania mtu anaweza kuwa na wengi. *Tengo muchas cabras*, nina mbuzi wengi."

Nelius alipumua. Tangu siku hiyo alipita dukani kila jioni. Hamda alimuuliza kuhusu kila kitu walichokiona, naye akajibu. Una maji? Hamda ana duka? Wana watoto? Jumapili mbili zilipita, akimpungia mjukuu mkono tu.

Ya tatu, mtoto alianza tena na lile swali lake la mbuzi.

"*Tengo muchas cabras*," alisema Nelius polepole.

Mtoto alitupa mwanasesere chini. Nelius akapata ujasiri. Akamuuliza umri wake, ingawa aliujua.

"*¿Cuántos años tienes?*"

"*¡Tengo cinco!*" Mtoto aliinua vidole vitano. Alikuwa ametimiza mitano juzi.

Mtu akitimiza mwaka hupewa kitu. Nelius alisimama, akamsogelea na simu mbuzi jike mwenye masikio meupe, mwenye kunyonyesha. Alijiwekea kidole kifuani. "*Nelius*." Akaielekezea skrini kidole. "*Nelius*." Kisha akamwonyesha mbuzi.

"*Tenemos*," alisema.

"*¿Tenemos?*" aliuliza mtoto, kwa sauti ndogo.

"*Tenemos*."

Mtoto aligeuka kumwita mama yake, akipiga kelele neno hilo hilo. Lucía alikuja mbio, akaona mbuzi, akaziba mdomo kwa mkono. Nelius alilia, na hakujificha.

Jumapili iliyofuata, simu iliita kabla hajafika nyumbani. Alisimama njiani, Biblia kwapani, akaipokea. Mtoto alikuwa peke yake kwenye skrini. Hakusalimu.

"Cucu, *¿tenemos leche?*"

Nelius hakujua *leche*. Akamkimbilia Hamda na simu mkononi.

"Anauliza kama mna maziwa," alisema Hamda.

Nelius aliwaza mbuzi wao, na chuchu zake zilizojaa asubuhi ile.

"*Tenemos*," alijibu. "*Tenemos*, mama yangu. Njoo unywe."