Rubani wa Gesima

Sanduku lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na mawe.

Wataalamu wawili kutoka Uingereza walitazamana. Kwa wiki sita walikuwa wamechimba kilima cha Gesima, katikati ya mashamba ya chai, wakitafuta mabaki ya rubani ambaye ndege yake ya vita ilianguka mwaka 1942. Waliyapata. Vipimo vya vinasaba vilithibitisha jina lake. Dada yake, aliyebaki peke yake, alikuwa akisubiri kumzika.

Inspekta Ruth Nyangau alikagua stoo ya kanisa, ambamo sanduku la mifupa lilikuwa limehifadhiwa. Kufuli halikuwa limevunjwa.

"Funguo ziko kwa nani?"

"Kwa pasta, na yeye yuko Kisumu tangu Jumatatu," Konstebo Walter alijibu. "Na kwa Mzee Nyamongo, anayefagia kanisa. Lakini afande, huyo ana miaka themanini na tatu! Tuanze na vyoo vya shimo, huenda mwizi aliitupa mifupa humo."

"Anza wewe. Mimi naenda kumsalimia mzee."

Nyamongo alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Kushoto mwa nyumba, upande wanakozikwa wanawake, palikuwa na kaburi la mama yake. Kulia, upande wa wanaume, palikuwa na tuta la viazi vitamu.

"Ulipanda lini, baba?"

"Mwezi uliopita."

"Mbona marando ya viazi yamelala, hayajashika mizizi? Haya ni ya jana."

Mzee aliendelea kuchambua.

"Na nani hupanda viazi mahali pa kuzikwa mwenye boma?"

Nyamongo alicheka kidogo. "Ulilelewa vizuri, mwanangu."

"Rubani yuko humo?"

"Yuko. Nilitaka kumtupa mtoni, nikashindwa. Nikamlaza kwa ubavu wa kulia, kama mwanamume yeyote."

"Kwa nini ulimchukua?"

Mzee aliweka ungo chini.

"Baba yangu alichukuliwa na Waingereza hao hao, mwaka huo huo, kubeba mizigo ya vita vyao. Mimi nikiwa tumboni. Hakuna barua, hakuna aliyemtafuta. Mama aliacha hapo wazi, mahali pa kumzika. Kila mwaka anafyeka nyasi, anangoja. Halafu naona watu wanachekecha udongo wetu, wanatafuta jino la kijana wao. Jino! Nikasema, wacha na wao wangoje."

"Dada yake ni mzee sana, baba."

"Ana miaka mingapi?"

"Tisini na miwili."

"Mama alikufa akingoja, akiwa na tisini na minne." Alinyoosha mikono afungwe pingu. "Ungechelewa miaka miwili tu, naye angengoja hadi umri wa mama."